Taa ya Saa Moja Kamili

"Haya mama, chagua," alisema Guro.

Rahisi kusema. Borghild alikuwa amesimama katikati ya duka la taa mjini Tromsø, koti zito mwilini, jasho linamtambaa mgongoni, na mbele yake ukuta mzima unawaka: taa za kuning'inia, za kusimama, za kubana mezani, na moja imeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ilikuwa saa tisa alasiri na nje giza totoro. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakatika, na huku kwetu jua likishaaga wiki hiyo, usiliulize tena mpaka katikati ya mwezi wa kwanza.

"Taa mimi ninazo nyumbani," alisema Borghild.

"Unayo moja."

"Ninazo sita!"

"Unazo sita, unawasha moja. Ile ya dirisha la jikoni, ya kofia iliyopasuka. Nyumba nzima giza, wewe umekaa pale kama mlinzi wa bandari. Sikujui?"

Borghild hakujua kwamba binti yake alikuwa ameiona ile taa. Akageuka, akajifanya anasoma bei ya kitu asichokitaka.

Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, na mafua yasiyosikia dawa. Akauliza mama anaishi wapi. Akaambiwa Skarvika, ndani kabisa ya mkono wa bahari, chini ya mlima.

"Maskini! Huko hata ule mwangaza kidogo wa saa sita mchana unamezwa na mlima. Sasa nisikilizeni. Kosa la watu wote ni hili: wananunua jitaa moja, wanalipachika katikati ya dari, kisha wanakaa chini yake wanafanana na maiti. Msifanye hivyo. Chukueni nyingi, ndogo, za chini, pembe kwa pembe. Na rangi iwe ya siagi, isiwe ya maziwa. Ya maziwa waachieni wenye viwanda vya samaki."

"Lakini anahitaji mwanga mkali," alisema Guro. "Daktari kasema."

"Basi mkali uwe wa asubuhi." Muuzaji akatoa kisanduku cheupe, bapa, akakiwasha, na wote watatu wakafumba macho. "Hiki unakaa mbele yake nusu saa, unakunywa kahawa yako taratibu. Kinaudanganya mwili kwamba kumekucha."

"Nikae mbele yake kama mkate kwenye tanuri?"

"Hasa! Na ukiiva, bibi, utakuja kunishukuru."

Borghild alicheka bila kupenda. Guro alipoona mama yake anacheka, machozi yakamlengalenga palepale dukani, na akanunua kila kitu: kisanduku cheupe, taa za pembeni, za juu ya vitabu, za kila dirisha, na hata lile jitaa la katikati ya dari aliloambiwa asilinunue.

Msimlaumu Guro. Alikuwa mtoto wa pekee, mwalimu wa shule huko Bergen, safari ya ndege mbili kutoka kwa mama yake. Misimu miwili ya giza iliyopita, kila akipiga simu, mama alikuwa amelala. Saa sita mchana amelala. Saa kumi amelala. Anakula nini? "Mkate." Jana? "Mkate." Mtoto anayempenda mama yake kutoka mbali atafanya nini, masikini, zaidi ya kununua vitu? Safari hii alichukua likizo ya wiki tatu, akaja mwenyewe.

Ndani ya gari, maboksi yakigongana nyuma, alisema alichokuwa nacho moyoni.

"Mama, tupatane. Tunajaribu hizi taa. Ukichangamka, sawa, kaa kwako. Lakini jua likirudi nikukute bado umenyong'onyea hivi, unahama, unakuja kwangu Bergen. Chumba kipo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ukianguka kwenye ngazi, nani atajua?"

Borghild alitazama barabara. Mtu wa kujua alikuwepo. Lakini angesemaje?

Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa na siri moja tu, nayo ni hiyo taa ya kofia iliyopasuka.

Ilianza msimu wa giza uliofuata kifo cha Arnljot, mumewe. Wakati ule Borghild hakuwa anaamka kwa sababu hakuona sababu. Asubuhi moja jino lilimuuma, akaenda jikoni kutafuta kidonge, akawasha taa ya dirishani. Ng'ambo ya maji, karibu kilomita mbili hivi, kulikuwa na taa nyingine moja. Ikazimika, ikawaka. Akasema balbu yao inakufa. Kesho yake akawasha, ile ya ng'ambo ikazimika, ikawaka. Siku ya tatu akasimama pale na gauni la kulalia, moyo unamdunda kama msichana anayeiba sukari, akazima yake, akawasha. Na ya ng'ambo ikajibu.

Alimjua mwenye nyumba ile, nani asiyemjua? Oddleif, mvuvi aliyestaafu, hajaoa, ana kondoo tisa na maneno machache kuliko kondoo. Wakikutana dukani waliongea habari za barabara. "Kuna utelezi." "Upo, hasa pale kwenye kona." Basi. Habari ya taa hawakuitaja hata mara moja, kwa miaka kumi na mmoja. Huku kwetu kitu kizuri hukitaji, utakiharibu. Lakini kila asubuhi anayeamka kwanza anawasha, wa pili akiamka anawasha, wa kwanza anapepesa mara moja: nimekuona, na wa pili anajibu vivyo hivyo. Mwaka mmoja Borghild aliugua mafua akakaa kitandani mpaka saa nne. Simu ikalia, mwenye duka. "Samahani, mama, nimetumwa niulize kama uko salama. Sikuambiwa niseme nimetumwa na nani."

Alicheka peke yake siku nzima. Sasa amweleze Guro hayo? Kwamba mama yako, mjane wa baba yako, anakonyezana na jirani kwa taa ya umeme? Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Borghild akachutama, akanyamaza.

Kazi ilichukua siku mbili. Guro alipanda viti, akashuka, akagonga misumari, akalamba vidole vilivyochomwa na balbu. Taa kumi na nne! Zote akaziunganisha na simu yake: ikifika saa moja kamili asubuhi zinawaka zenyewe, ikifika saa tano kamili usiku zinazimika zenyewe.

"Huhitaji kugusa kitu tena, mama. Wewe ishi tu."

"Na hii ya jikoni?" aliuliza Borghild. Guro alikuwa ameishika ile ya zamani, anaifunga kwa gazeti.

"Hii inakwenda bandani. Ona waya, umechunika mpaka shaba inaonekana. Siku moja itakuua."

Kweli waya ulikuwa umechunika. Na mtu akisema kweli utambishia nini? Borghild alimtazama binti yake akitoka na ile taa mikononi, theluji inaangukia gazeti, akahisi kitu kimekatika ndani yake. Lakini alisema tu, "Angalia usiivunje."

Jumapili ya kwanza ya Majilio, saa moja kamili, nyumba ililipuka kwa mwanga. Borghild aliketi kitandani akidhani ni moto. Kisha akakimbia jikoni na soksi, kwenda dirishani, na kwanza hakuona chochote. Nyumba ikijaa mwanga kioo hakikuonyeshi nje, kinakuonyesha sura yako. Aliona bibi mmoja wa nywele timtim. Akabandika uso kwenye kioo, akajikinga kwa viganja, na pale ng'ambo taa ilikuwa inawaka. Ikazimika, ikawaka.

"Nimekuona na mimi," alinong'ona. Lakini atajibu na nini? Hakukuwa na swichi. Kulikuwa na simu ya Guro, na Guro alikuwa amelala nayo.

Siku ya pili aliuliza, kijanja, wakinywa kahawa mbele ya kisanduku cheupe. "Hivi, mtu akitaka kuzima moja tu, kidogo, halafu aiwashe?"

"Kwa nini uzime?"

"Basi tu."

"Mama, ukichomoa moja inasahau saa zake. Ziache, zinajijua."

Siku ya tatu aliamka saa kumi na mbili na nusu, akachukua sinia la keki, na ilipofika saa moja akasimama kwenye dirisha la jikoni, anaifunika taa kwa sinia, anaifunua, anaifunika, anaifunua. Lakini taa moja kati ya kumi na nne! Ukiwa ng'ambo ungeona nini? Nyumba inawaka kama hoteli, halafu kama inzi amepita. Guro alimkuta hapo.

"Mama, unafanya nini na sinia?"

"Nafukuza nondo."

"Mwezi wa kumi na mbili?"

"Nondo wa huku ni wakaidi."

Siku ya nne taa ya ng'ambo ilipepesa mara tatu mfululizo, kitu ambacho haijawahi kufanya. Siku ya tano dirisha la Oddleif halikuwaka.

Borghild alikaa pale mpaka saa tano, paji la uso kwenye kioo cha baridi. Kesho yake vilevile. Akilini alimwona Oddleif amelala chini ya ngazi, amekufa, kondoo wanalia. Alikuwa ameshika koti ili avae aende, kilomita hamsini kuzunguka maji, hata kwa miguu, ndipo Guro akarudi kutoka dukani akipiga viatu kung'uta theluji.

"Huyo mzee wa ng'ambo ana nini? Oddleif. Nimemsalimia, ameniangalia kama nimemchinjia kondoo wake. Akatazama mpaka kikapu changu, eti nimenunua nini! Utepe wa gundi na mifuko ya taka, kuna kosa gani?"

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Mkavu tu."

Borghild akatundika koti. Mzima. Amshukuru Mungu, na alimshukuru kweli. Lakini baada ya shukrani yalikuja maumivu ambayo hakuyategemea katika umri wake. Kama ni mzima, basi amezima kwa kupenda kwake. Amechoka. Amepepesa siku nne, hajajibiwa, amesema mwanamke huyu amepata taa kumi na nne, moja yangu ataitakia nini? Na mtu hawezi kumwendea mtu mlangoni kumwambia: nirudishie kitu ambacho hatujawahi kukubali kwamba tunacho.

Kisanduku cheupe kilifanya kazi yake, haki ya Mungu. Borghild hakulala tena mchana. Alikaa macho, katika nyumba inayong'aa, akiona vumbi lote la miaka na upweke wake wote. Siku ya nane, wakimenya viazi, alisema:

"Nitakuja Bergen."

Kisu cha Guro kikasimama. "Unasema?"

"Nitakuja. Hakuna haja ya kungoja jua."

Guro alimkumbatia, maganda ya viazi mkononi, akalia, akacheka, akaanza kueleza habari za chumba, dirisha lake linatazama bustani, kituo cha basi kiko mlangoni. Borghild alimpigapiga mgongoni. Alifurahi kumfurahisha. Ila Guro usiku ule alijiuliza kwa nini mama aliyekubali alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Theluji ilianguka siku tatu bila kupumua. Asubuhi ya siku ya kumi na moja ikakatika, na ilipofika saa tano, mbingu ikawa na ule ubuluu tunaouita mchana. Borghild alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti aliposikia kitu kinakwangua nje. Kwaa. Kwaa. Kutoka juu ya paa la banda la kuni.

Akafungua mlango. "Nani anakwangua huko?"

Beleshi likasimama. Juu ya banda alikuwa mtu mrefu wa kofia ya sufu, barafu kwenye ndevu, amesimama kama mwizi wa mabati.

"Wewe upo?" alisema Oddleif.

"Nisiwepo niwe wapi?"

"Bergen."

"Nani kakwambia niko Bergen?"

Oddleif alifikiri. "Taa zako."

"Taa zangu zimekwambia nini?"

Alishuka kwanza, polepole, ngazi inalia, mpaka akasimama mbele yake na beleshi mkononi. Nyuma ya Borghild, Guro alikuwa ametokea na kikombe nusu kimefungwa gazeti. Oddleif hakumwona, au hakujali.

"Zinawaka saa moja kamili," alisema. "Zote kwa pamoja. Saa tano usiku zinazimika zote kwa pamoja. Nyumba inayowaka hivyo haina mtu, Borghild, hata mtoto anajua. Watu wakienda Hispania kuota jua ndivyo wanavyoziacha taa zao. Wewe huamki saa moja kamili. Jumapili unaamka saa mbili na nusu. Siku ya kwenda kwa daktari unaamka saa kumi na moja. Ukilala vibaya unawasha usiku wa manane, halafu kukicha unachelewa. Miaka kumi na mmoja hujawahi kuwasha saa moja kamili siku mbili mfululizo."

Hakuna mtu wa Skarvika aliyewahi kumsikia Oddleif akisema maneno mengi hivyo. Ilibidi avute pumzi.

"Nimepepesa siku nne," alisema kwa sauti ya chini. "Hukujibu. Nikasema umeondoka. Halafu nikamwona binti yako dukani na utepe na mifuko, nikasema basi kweli, wanafunga nyumba."

"Ndiyo ukazima yako."

"Nimuwashie nani?"

Borghild akamshika mkono wa koti, pale kwenye kiwiko, akaushika kwa nguvu, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupita kati yao.

"Na hilo beleshi?" aliuliza hatimaye.

"Theluji ya siku tatu. Nyumba ikiwa tupu hakuna wa kuona paa likibonyea." Alitazama viatu vyake. "Nilisema ukirudi kiangazi uikute imesimama."

"Kilomita hamsini umekuja kusafisha paa la nyumba isiyo na mtu?"

"Kuna utelezi pale kwenye kona," alisema Oddleif.

"Ingieni ndani," Guro alisema mlangoni. "Ingieni, jamani, baridi."

Akaketishwa jikoni, mkate na jibini ya kahawia mbele yake, kahawa mpaka pomoni. Oddleif aliinua macho kwenye jitaa la dari, akayakunja.

"Hapa mtu anaweza kupasuliwa tumbo," alisema.

Guro alicheka, cheko likageuka kilio, akaficha uso kwenye taulo la vyombo. Borghild akasimama amfuate, lakini Guro alishatoka nje bila koti. Wakasikia mlango wa banda. Akarudi na kile kifurushi cha gazeti, akakiweka mezani, akakifungua: taa ya zamani, kofia yake ya rangi ya haradali ina ufa kutoka juu mpaka chini.

"Waya umechunika," alisema. "Mimi sikukosea kwenye waya."

"Hukukosea, mwanangu."

Oddleif aliuvuta waya, akautazama, akatoa kisu mfukoni. "Ule utepe uko wapi?" aliuliza. Guro akampa. Alikata, akasokota shaba kwa vidole vyake vya mvuvi, akafunga utepe tabaka kwa tabaka. Mama na binti walikaa wakimtazama. Alipomaliza akaichomeka, akabonyeza swichi, ikawaka. Akanywa kahawa iliyobaki kwa funda moja, akasimama.

"Njia ni mbaya. Niende kukiwa na mwangaza."

Gari lake lilipoondoka, Guro aliuliza, "Tangu lini, mama?"

"Tangu msimu wa kwanza baba yako hayupo."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Hatujafanya kitu. Hajawahi kukaa kwenye kiti changu mpaka leo." Borghild alikuwa anakunja lile gazeti, anakunja mara ya pili, ya tatu. "Kuna mtu anayejua kama nimeamka, Guro. Ni hilo tu. Kila siku kuna mtu anajua kama nimeamka. Lilipozimika lile dirisha nikaona bora Bergen, bora popote."

Guro alikuwa anampenda mama yake, alikuwa amempigia simu kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja, na hakujua kwamba Jumapili mama huamka saa mbili na nusu. Alikuwa ameshapaka rangi kile chumba. Alikuwa amenunua pazia. Iliuma, na hakuficha kwamba iliuma.

"Akilini nilishakuona pale kwangu," alisema. "Unaniuliza nimekula nini."

"Najua, mwanangu. Nitakuja kiangazi nikuulize mwezi mzima, mpaka unifukuze."

Guro alipangusa pua, akatoa simu. Akaanza kuzima, moja baada ya nyingine: dari, ngazi, madirisha ya sebule, nyota ya karatasi ya Majilio. Akaacha mbili za pembeni kule sebuleni, za rangi ya siagi, kwa sababu zilikuwa nzuri kweli na Borghild mwenyewe alisema zisiguswe. Kioo cha dirisha kikaacha kuwa kioo cha kujitazamia. Nje kukaonekana tena: theluji, maji meusi, na ng'ambo kule mlima bila hata tone la mwanga.

Walikaa. Kilomita hamsini, njia ya barafu, mzee wa miaka sabini na sita. Saa nzima walingoja, mkono wa Borghild karibu na swichi, na Guro kila mara anauliza kama hajaanguka na gari pale kwenye kona, mpaka akaambiwa anyamaze.

Ikawaka.

Dirisha dogo la njano, chini kabisa karibu na maji. Likazimika. Likawaka.

Guro alishika bega la mama yake. "Jibu! Mama, jibu basi!"

"Aah, angoje kidogo," alisema Borghild, kidevu juu. "Mimi nimengoja siku saba."

"Mzee wa watu! Hata koti hajavua!"

"Angoje, aonje."

Guro akaanza kuhesabu kwa sauti, kumtisha. Alifika nne. Kidole cha Borghild kikabonyeza, jikoni kukawa giza, kikabonyeza tena.